Imepimwa na Tabea Shekiondo

Marobota mia nne na kumi na mawili ya majani ya mzimahoma yalipita mbele ya Pua, mashine yetu ya kunusa dawa, asubuhi ile, na yote yakafaulu. Sikushangaa. Kituo chetu cha Kwemshei, huku juu milimani Usambara, kilikuwa hakijafelisha robota kwa wiki tatu, na mimi, mpimaji mkuu, nilishaanza kuona uvivu hata wa kukaa pale kutazama taa. Robota linaingia, mashine inavuta hewa yake, sekunde tisa, kijani. Jingine. Kijani. Alama tisini na sita, tisini na saba, tisini na nane. Jamani, wakulima wetu walikuwa wameiva.

Kilichobaki kilikuwa kidole changu. Sheria ndivyo inavyotaka: Pua inapima, lakini ni binadamu anayeweka kidole gumba, na akishakiweka, jina lake linaingia ndani ya kila pakiti. Mama wa kule bondeni akichana pakiti, pakiti inasema kwa sauti: "Dawa ya homa ya bonde. Kijiko kimoja, mara moja tu. Imepimwa na Tabea Shekiondo." Miaka kumi na miwili jina langu linatamkwa kando ya vitanda vya watoto. Kuna akina Tabea wengi huko chini walioitwa kwa ajili yangu, na nisiwadanganye, nilikuwa najisikia.

Nilikuwa nimeshanyoosha kidole simu ilipoita.

"Mama Shekiondo, shikamoo. Ni Nasra, muuguzi wa wodi ya watoto, Hospitali ya Mto Mwekundu."

"Marahaba, mwanangu. Mzigo wenu unatoka leo, usiwe na wasiwasi."

"Ndiyo maana nimepiga. Dawa yako haishushi homa."

Niliangalia kioo cha Pua, nikaangalia simu. "Nasra, dawa yangu ina alama tisini na saba."

"Mimi habari za alama sizijui, mama. Ninachojua ni kipimajoto. Zamani mtoto alikuwa akinywa kijiko kimoja asubuhi, adhuhuri anaomba uji. Siku hizi kijiko kimoja hakifanyi kitu. Cha pili, joto linayumbayumba. Cha tatu ndipo linashuka. Nimewapa watoto sitini vijiko vitatu vitatu bila ruhusa ya mtu yeyote, na wote wamekwenda kwao wakitembea. Ukitaka kunishtaki, nishtaki."

"Na waliopewa kimoja?"

"Msimu uliopita, kabla sijashtuka, waliletwa watoto ambao wazazi walishawapa kijiko kimoja nyumbani, kama pakiti inavyosema, wakasubiri homa ishuke. Walifika wamechelewa. Tulizika sita."

Nikarudisha kidole changu mfukoni. Kwanza nilikasirika, na hasira yote nilimtupia yeye moyoni: huyu binti wa juzi anajua nini? Halafu nikajiambia, Tabea, mtu anayehesabu makaburi hapigi simu kwa kujifurahisha. Nikamwambia anisubiri hadi mchana.

*

Pua haidanganyi. Inafanya kile ulichoiambia ifanye, na aliyeiambia ni mimi.

Homa ya bonde ilipotuvamia mara ya kwanza, tulijua jambo moja tu: mtoto akinywa majani ya mzimahoma, anapona. Ndani ya jani lile mna kemikali zaidi ya arobaini, na hakuna aliyejua ni ipi inayotibu. Watu walikuwa wanakufa, hatukuwa na muda wa kuzichambua. Nikachagua moja, zimini, yenye harufu kali kama tangawizi. Inaruka hewani upesi kwa hiyo mashine inainusa bila taabu, na kila jani lililokuwa na zimini nyingi lilikuwa na nguvu. Nikaandika kipimo: zimini alama tisini na kuendelea, kijani. Chini ya hapo, nyekundu. Wakati ule ilikuwa kweli tupu, na ningeiandika vilevile leo kama ningepewa majani yale yale.

Nilifungua kabati la baridi. Kila msimu tunaweka akiba konzi moja ya majani, na chupa kumi na mbili zilikuwa zimejipanga pale, hazijaguswa. Nikazichukua zote, nikaongeza na majani ya leo. Nikasaga, nikaloweka kwenye spiriti, nikatoa kioo kilichopakwa unga wa silika. Vijana wa siku hizi hawajui hata kukishika kioo hicho. Unadondosha matone kumi na matatu kwa mstari chini ya kioo, unakisimamisha ndani ya mtungi wenye kimiminika kidogo, unafunika, unangoja. Kimiminika kinapanda kioo polepole na kubeba kemikali za kila tone, kila moja inaachwa pale inapochokea. Dakika arobaini. Nilikunywa chai, sikuisikia ladha.

Nikakikausha kioo, nikakiweka chini ya taa ya urujuanimno.

Madoa ya njano, ambayo ndiyo zimini, yalikuwa yakikua kutoka kushoto kwenda kulia, msimu hadi msimu, mazuri kabisa. Lakini juu yake kulikuwa na mstari wa madoa ya buluu, na hayo yalikuwa yakipungua. Msimu wa kwanza doa lilikuwa kama punje ya harage. Wa sita, kama mchele. La leo lilikuwa kama ulezi. Nikalipima mwangaza wake mara tatu kwa sababu sikutaka kuamini. Theluthi moja ya lile la kwanza. Nasra alikuwa anatoa vijiko vitatu.

"Loo, Tabea!" nikasema peke yangu. "Umefanya nini?"

Hakuna mkulima aliyeiba wala kuchanganya magugu. Wanawake wa milima hii hawanunui mbegu. Kila mmoja huchagua kichaka chake bora, anafunga mbegu zake kwenye kitambaa, anampa wifi, anampa jirani, anamfungia binti anayeolewa. Zamani kichaka bora kilijulikana kwa kutafuna: jani linalotia ulimi ganzi ndilo lenye mbegu. Halafu nikaja mimi na sayansi yangu nikawagawia vipua, kidude kama kiberiti unachokibana kwenye jani kinakupa namba. Wakafurahi, wakaacha kutafuna. Mwanamke mwenye kichaka cha tisini na nane alikuwa akiitwa Mama Tisini na Nane hadi kanisani. Misimu kumi na miwili wamekuwa wakichagua mbegu kwa namba niliyowapa. Niliwaomba zimini, wakanipa zimini, na kitu kingine chote kikaachwa kitoweke.

Nikachukua jani la leo nikalitafuna. Sukuma wiki ina nguvu zaidi.

*

Kulikuwa na mtu mmoja niliyejua bado anatafuna, maana nilimfelisha misimu minne mfululizo. Mama Hoza anakaa nusu saa ya kupanda kutoka kituoni, na nilipofika niko hoi, nimeshika magoti. Alikuwa uani anapukuchua mahindi. Hakuinuka.

"Hodi hapa."

"Karibu. Umekuja kuniwekea nyekundu hadi nyumbani?"

"Nimekuja kuomba, mama."

"Ebo! Mpimaji mkuu anaomba!" Akaweka ungo chini. "Hebu sema tena, sikio hili la kushoto halikusikia."

"Yale majani niliyokurudishia. Ulitupa?"

"Nitupe jasho langu? Yako darini, nimefukia mbegu ya mahindi ndani yake. Mdudu hayasogelei. Wewe uliyakataa, mdudu anayaheshimu."

Alinishushia konzi moja, meusimeusi kwa moshi. Akasimama mbele yangu na mikono kiunoni. "Tafuna."

Nikatafuna. Sikufika hata mara kumi, ulimi ukafa ganzi, midomo ikafuata. Nilijaribu kusema asante ikatoka kama mtoto anayeota meno, na Mama Hoza alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Mimi nilitaka kulia kweli. Hata hivyo ulimi si maabara, kwa hiyo nilikuwa nimebeba kioo kidogo na mtungi. Tukakaa pale uani, yeye anapukuchua, mimi nangoja kimiminika kipande. Nilipokiangaza kwa taa ndani ya chumba chake chenye giza, doa la buluu lilikuwa kubwa kama lile la msimu wa kwanza. Moshi haukuligusa. Zimini, alama hamsini na nne: nyekundu.

"Mko wangapi mnaochagua kwa kutafuna?"

"Wanane. Wanatuita wakongwe wa nyekundu. Madari yetu yamejaa." Alinitazama muda. "Majani chukua, watoto ni wa wote. Mbegu pia nitakupa. Ila nikuulize kitu, Tabea. Ulinifelisha mbele ya wakwe zangu, mbele ya kijiji kizima, taa inawaka nyekundu watu wanacheka. Sasa utanifaulisha mbele ya nani? Humu chumbani?"

Nikasingizia ganzi ya ulimi.

*

Mkurugenzi Mbwambo alikisikiliza kisa chote amesimama dirishani. Si mtu mbaya, Mbwambo. Ndiye aliyekijenga kituo hiki kutoka kwenye banda la mbao, na homa ya kwanza ilimchukulia dada yake.

"Sawa," akasema. "Tumshukuru Mungu umeliona. Badilisha kipimo cha Pua usome hilo doa la buluu badala ya zimini. Marobota ya leo yatoke, pakiti ziseme vijiko vitatu. Ya akina Mama Hoza yatoke kwa kijiko kimoja. Tuwape wakulima wote mbegu yao. Misimu mitatu, tumerudi tulipokuwa. Na vijiko vitatu haviwadhuru?"

"Zimini ya ziada hutoka kwa jasho. Watoto sitini wamekunywa, hakuna aliyeumwa hata tumbo. Theluthi mara tatu inatupa nguvu ile ile. Hilo nakuhakikishia."

"Basi kazi imekwisha."

"Na kosa tutalisema wapi?"

Akageuka. "Hatulisemi. Keti kwanza, usinikodolee macho hivyo. Mama yuko nyumbani, mtoto anawaka moto. Anachana pakiti, pakiti inamwambia dawa hii ilikuwa dhaifu miaka kadhaa na hatukujua. Atafanya nini? Atampa mtoto? Aa wapi! Ataimwaga, atakwenda kununua unga wa wauza njiani, na mtoto atakufa huku dawa inayotibu iko chini sakafuni. Hao watakaokufa kwa ukweli wako, Tabea, utawazika wewe?"

Alinigusa, siwezi kukana. Na tuseme ukweli wote: nilitaka kukubali. Jina langu lingebaki safi, wadogo wangu akina Tabea wangeendelea kuitwa Tabea, na dawa ingekuwa nzuri kuliko jana. Nani angeumia?

"Jana kijiko kimoja, leo vitatu," nikasema polepole, maana nilikuwa nafikiri huku nasema. "Mama atauliza kwa nini. Tusipomwambia, atajijibu mwenyewe. Atasema mashine imekosea, atapunguza kiwe kimoja alichokizoea. Mkurugenzi, watu hawa hawaijui zimini wala doa la buluu. Wanampa mtoto dawa kwa sababu wanasikia mtu fulani, mwenye jina, amepima. Siku nitakapowaficha, jina hilo litakuwa kelele tu ya kwenye pakiti."

"Hujui kama watalipokea."

"Sijui. Na kuna nyumba sita huko bondeni zilizomwamini Tabea Shekiondo, zikatoa kijiko kimoja, zikazika. Hawajui kwa nini."

"Na wakijua itawasaidia nini? Niambie. Mtoto atarudi?"

"Hapana."

"Basi?"

"Sijui itawasaidia nini," nikasema. "Najua ni yao."

Akakaa kitini kwake, akasugua uso kwa viganja vyote viwili. "Ukisema hivyo hadharani, bodi haitakuacha kwenye kiti hicho hata wiki."

"Sauti ya pakiti ni ya mpimaji. Sheria hiyo uliiandika kwa mkono wako, na mimi nilikupigia makofi. Leo bado mimi ndiye mpimaji."

Hakusema ndiyo. Alinyanyua simu yake, akawaambia watu wa ndege zisizo na rubani, zinazopeleka mizigo yetu bondeni, wasubiri saa moja. Kwa Mbwambo, hilo ni zaidi ya ndiyo.

*

Pakiti inabeba sekunde ishirini za sauti, basi. Nilikaa kwenye chumba cha kurekodia nikaandika, nikachana, nikaandika. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kemikali nne ndani yake. Ya pili ilikuwa inajitetea, na kwa kujitetea mimi ni hodari. Ya tatu niliisoma bila kuifikiria mara mbili:

"Mimi ni Tabea Shekiondo. Dawa hii ilipungua nguvu misimu mingi na mimi sikuona, kwa sababu nilipima kitu kisichokuwa dawa yenyewe. Kosa ni langu, si la aliyelima, si la aliyemnywesha mtoto. Nimeipima upya leo. Mpe vijiko vitatu."

Sekunde kumi na tisa. Nikaweka kidole gumba.

Marobota ya Mama Hoza na wenzake nayo yalishushwa kutoka madarini, na pakiti zake zikasema kijiko kimoja. Nilimwita aje yeye mwenyewe kituoni, siku ya kupokea mavuno, uwanja umejaa watu. Nikapanda juu ya mizani, nikawatangazia wote nilichokiona kwenye kioo, nani alikuwa sahihi misimu minne na nani alikuwa amekosea. Mama Tisini na Nane akauliza kama kichaka chake aking'oe. Nikamwambia ndiyo. Akaniangalia kwa uchungu, nami nikauona, sikuinamisha macho. Mama Hoza alitazama mbele tu, kama anayepigwa picha.

*

Nasra alipiga simu siku tatu baada ya mzigo kufika, adhuhuri.

"Nikupe hesabu kama ilivyo, mama?"

"Kama ilivyo."

"Tumegawa pakiti themanini na mbili. Kina mama wanaisikiliza mara mbili, mara tatu. Mmoja alikutukana, sitarudia alivyosema. Kumi na mmoja waliirudisha wakaondoka. Kesho yake saba wakarudi, baada ya kuwaona watoto wa wenzao wanakula uji."

"Na wanne?"

"Wanne sijui waliko. Nimewatuma wahudumu wa afya nyumba kwa nyumba. Mmoja wamempata."

Watatu. Nikaandika namba ile kwenye ukuta wa maabara, mbele ya kiti changu, nayo iko pale hata sasa. Bado nilikuwa na uhakika nilifanya sawa.

"Mama," Nasra akasema, "kuna mtu hapa amekuja na pakiti ya jirani yake. Hana mgonjwa. Anataka kuongea na wewe. Nimemwambia una kazi nyingi, hataki kuondoka tangu asubuhi."

"Mpe simu."

Nilisikia pumzi kwanza. Halafu sauti ya mwanamume, ya chini, ya mtu asiyezoea simu.

"Ni wewe mwenyewe? Wa kwenye pakiti?"

"Ni mimi, baba. Tabea Shekiondo."

"Naitwa Mhina. Mwaka jana nilimzika mwanangu. Zahara, miaka minne."

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu huyu tangu siku ile nilipoweka kidole, nilijua atakuja, na nilijua nitasikiliza hadi mwisho bila kujitetea hata neno moja.

"Pole sana, baba Zahara. Dawa yangu haikuwa na nguvu. Sema lolote."

"Mimi nilikuwa shambani. Mke wangu ndiye aliyempa dawa. Kijiko kimoja, alisema. Nikamwambia muongo, hukujaza kijiko, ulikuwa unaongea na wenzako, ulimwaga nusu. Dawa imepimwa, nikamwambia, haiwezi kuwa kosa la dawa. Nilimwambia kila siku. Mwezi wa nne akafunga nguo zake akarudi kwao, na mpaka anaondoka alikuwa ameshaanza kuamini. Alikuwa ananiuliza, labda kweli sikukijaza?"

Nilisikia akivuta kamasi.

"Alikijaza?" akauliza.

"Alikijaza, baba. Angempa hata kilichofurika, kisingetosha. Kosa lilikuwa langu."

"Mwambie jirani yangu nimeiazima hii pakiti," nikamsikia akimwambia Nasra, simu ikiwa bado sikioni mwake. "Kwao ni mbali, nikitoka sasa hivi nitafika kabla ya jua kuzama. Nataka mke wangu aisikie mwenyewe."